Mrejesho: kabro nyekundu zinazotoka na viraka, Malindi

Wakuu, niliuliza kwa nini kabro zetu (matofali ya zege ya kutandika uani), saruji ile ile na rangi ile ile, zikipangwa uani zinakuwa na viraka, nyingine zimekolea nyingine zimepauka. Aliyesema nianze na maji kabla ya kulaumu rangi, shikamoo yako.

Mchanga ulionyeshewa ulikuwa unaingia na maji yake, na vijana wanamimina ndoo zile zile za kila siku. Mchanganyiko ukizidi maji, ukikauka hupauka. Sasa mchanga uko chini ya turubai, na rangi ya oksidi ya chuma inapimwa kwa mizani, asilimia 5 ya uzito wa saruji. Kopo ni mwongo: unga ukishindiliwa, linabeba zaidi. Na kupita asilimia 10 ni kutupa pesa, haikolei tena.

Kile kipimo cha rangi kinachosoma L, a, b (namba za weupe-weusi, wekundu-kijani na manjano-bluu) bei yake kali. Tunatumia kabro ya mfano: mpya ikishakauka kabisa, tunazilinganisha kivulini, maana jua la saa saba la huku linapausha kila kitu.

Ule weupe kama unga unaotokea juu ya kabro bado upo. Ni chokaa ya saruji inayopanda na maji, mvua huuosha polepole.

Zile za mwanzo mteja kazichukua kwa bei ya kutupa. Fundi anachota kutoka mafungu tofauti anapopanga ili zichanganyike, viraka vimefifia.