Mjadala: GPA ya shahada ya kwanza imfuate mtu mpaka lini?

Mleta mada, Igoma

Mwangaluka wakuu. Kila dirisha la maombi ya uzamili likifunguliwa, vijana hapa Mwanza huniletea transkripti zao, yaani hati za matokeo ya chuo, niwasaidie kujaza fomu. Kuna jambo naliona humo linaniuma, na nataka tulijadili bila kukwepana.

Tuanze na kilichopo. GPA ni wastani wa alama zako zote za chuo. Kwenye mizani yetu ya alama 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na kuanzia 2.0 ni pasi. Vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vinamtaka anayeomba uzamili awe na angalau 2.7. Sina ugomvi na 2.7, maana lazima pawe na kiwango. Ugomvi wangu ni kinachofuata ukishavuka hapo. Nafasi zikiwa chache, na hasa kukiwa na ufadhili, majina hupangwa kwa GPA kutoka juu kushuka chini, na mwenye 3.3 hafikiwi hata kusomwa.

Nina transkripti moja hapa mezani. Mwenyewe ameniruhusu niielezee bila kumtaja. Mwaka wa kwanza hakupata mkopo. Alikuwa Mwaloni, pale Kirumba, tangu saa kumi alfajiri, akibeba magunia ya dagaa boti za visiwani zikishusha, kisha anapanda daladala kwenda Nyegezi kuwahi kipindi cha saa mbili. Unaingia darasani mgongo unauma, nguo zinanuka dagaa, na kijana wa miaka ishirini anaona aibu kukaa mbele. Mwaka ule alipata 2.4, tena na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Mwaka wa pili mkopo ukatoka, akapata 3.4. Wa tatu 4.1. Uzito wa kozi ulikuwa sawa kila mwaka, kwa hiyo jumlisha, gawa kwa tatu: 3.3.

Sasa mfikirie mwenzake aliyeanza na 4.1, akashuka 3.4, akamaliza na 2.4. Naye ni 3.3. Niambieni, nani kati yao yuko tayari kuandika tasnifu? Kwenye orodha ya kamati wako mstari mmoja.

Hoja yangu ni kwamba kamati za udahili zisome transkripti mwaka kwa mwaka, na zitazame zaidi kozi za fani anayoombea. Tena mtu akishaupata uzamili, ile GPA ya kwanza imwachie. Leo matangazo ya kazi za uhadhiri vyuo vya umma yanadai 4.0 ya uzamili na bado yanarudi nyuma kudai 3.8 ya shahada ya kwanza. Mtu kafanya utafiti, katetea tasnifu, halafu anahukumiwa kwa mtihani alioufanya akiwa na njaa.

Mhadhiri, Malimbe

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ina uchungu wa kweli, ila nimekaa kwenye hizo kamati na naomba nikupinge.

GPA ina kasoro zake lakini haina mjomba. Barua za wadhamini tunazopokea zote zinafanana: mwombaji ni mwadilifu, ana bidii, anajituma. Sijawahi kusoma inayosema mwombaji ni mvivu. Ukisema tuanze kupima mazingira, nani atahakiki nani alibeba magunia na nani katunga? Mlango huo hataupita kijana wa Mwaloni. Atapita yule ambaye baba yake ana namba ya simu ya mtu ofisini.

La pili. Kozi za mwaka wa kwanza unazotaka tuzipuuze ndizo zenye takwimu na misingi ya fani. Nimesimamia wanafunzi wa uzamili waliovuka takwimu kwa C. Wanafika kwenye kuchambua data wanakwama, mwaka unaisha, ada inaongezeka, msimamizi anageuka mwalimu wa twisheni. Alama ya zamani ilishatuambia hilo, sisi tukafumba macho.

Daktari, Bugando

Niongeze kutoka upande wetu. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini haina madaraja. Hakuna daktari mwenye daraja la kwanza wala la pili. Anayeomba uzamili wa tiba anatazamwa alama za masomo husika, kiwango kikiwa B, kisha mwaka wa intanshipu na usajili kwenye Baraza la Madaktari. Kwa hiyo kusoma alama za somo badala ya wastani mmoja mkubwa si jambo geni Tanzania.

Mdau, Nyakato

Wakuu, mnabishana kuhusu vyuo vya ndani. Anayeomba nje ana balaa lingine. Nimesomea nje, naongea nililoliona.

Mizani yetu ni 5, Marekani ni 4. Chukua 3.6 yetu, igeuze kwa hesabu ya kugawanya: 3.6 kwa 5 mara 4, unapata 2.88. Vyuo vingi kule vinaweka 3.0 kama kima cha chini. Mtu mwenye daraja la pili la juu nyumbani anageuka dhaifu kwa mstari mmoja wa kikokotoo! Tena kwetu A inaanzia 70 na B+ ni 60, na mwenye 60 amepambana kweli. Mgeni akiona 60 anadhani umeponea chupuchupu. Ambatanisha ule ukurasa wa maelezo ya madaraja, uwe umegongwa muhuri wa chuo. Usipoweka, watatafsiri wanavyojua wao.

Uingereza wanauliza daraja. Wengi wanataka la pili la juu, ndiyo maana 3.5 na 3.4 zinakaa dunia mbili. Ila ufadhili wa Chevening unadai pia saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Hapo angalau maisha ya baada ya chuo yanahesabiwa.

Mleta mada, Igoma

Marahaba, mhadhiri. Umenigusa kwenye mjomba, maana wote tunaishi nchi hii hii. Barua zile nakubaliana nawe, zina msaada mdogo mno.

Lakini angalia ninachoomba. Sikuomba kamati isikilize hadithi ya magunia. Nimeisimulia hapa ili mwelewe ile 2.4 ilitoka wapi. Kamati haihitaji kuijua. Inachohitaji ni kuona 2.4, 3.4, 4.1, na hizo nazo ni namba, zimo kwenye transkripti ileile yenye muhuri uleule. Nazo hazina mjomba. Chuo kiandike wazi kwenye tangazo kwamba wakilingana GPA, wa mbele ni mwenye alama bora za mwaka wa mwisho katika kozi za fani. Nani atahonga hapo?

Kuhusu takwimu umesema kweli, na ningependa vyuo viseme hivyo hivyo: programu hii inataka B ya takwimu. Aliye na C ajue mapema, akairudie mahali. Ndilo analolisema daktari wa Bugando. Mwombaji akiambiwa somo lililomwangusha, ana cha kufanya. Akiambiwa tu GPA yako ni ndogo, atafanya nini? Shahada hairudiwi.

Kwenye 3.8 hujanijibu, na naona ndiko kuna dhuluma kubwa zaidi.

Kijana, Buhongwa

Shikamooni. Mimi nina 2.6. Nimesoma yote haya, nauliza tu: nimekwisha?

Mhadhiri, Malimbe

Mwalimu, la 3.8 sina utetezi wa nguvu. Aliyefanya uzamili vizuri ameshajibu swali. Ningeanzia kubadilisha hapo kabla ya udahili.

Mdogo wangu wa Buhongwa, marahaba. Hujakwisha, ila usikimbilie kulipia fomu za uzamili, hela yako itapotea. Kuna stashahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Soma pia kanuni za chuo unachokitaka neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kimekuwa na njia ya kuwafikiria wenye pasi, iwapo walipata B au zaidi kwenye somo wanaloliombea, au wana stashahada ya uzamili, au uzoefu wa utafiti unaoonekana. Kwa hiyo acha kwanza hiyo 2.6. Kozi za fani yako, mwaka wa mwisho, ulipata alama gani?