Bomba la Mtwara tuliandae kwa haidrojeni, au tunajidanganya?

Wakuu, tujadili kwa hoja, matusi pembeni.

Oktoba 2024 Ujerumani ilipitisha mtandao wa mabomba ya haidrojeni wa kilomita 9,040, ukamilike 2032. Kama asilimia 60 ni mabomba ya gesi asilia yaliyokwishalazwa ardhini, yanabadilishiwa kazi tu. Tangu hapo kila nikikaa na watu wa fani, hakosi mmoja wa kusema na bomba letu la gesi asilia la Mtwara–Dar, inchi 36 nzima, tuliandae hivyo hivyo.

Mimi napinga. Kwa mgandamizo uleule, haidrojeni inabeba nishati kama theluthi tu ya gesi yetu. Ukiichanganya kwenye gesi asilia kwa asilimia 20 ya ujazo, hewa ya ukaa inapungua kama asilimia 7, basi. Tena ni gesi korofi: inavuja kwenye maungio, inajipenyeza mpaka ndani ya chuma na kukifanya kiwe rahisi kupasuka.

Na tutaitoa wapi? Bwawa la Nyerere, megawati 2,115? Uchukue umeme ule, utenganishe maji upate haidrojeni, uisukume hadi Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme wa gesi pale Dar, uichome upate umeme tena. Zaidi ya nusu imepotelea njiani. Ni kupika ugali, kuuanika, kisha kuusaga upate unga.

Bomba libaki na gesi yake. Mvua ikigoma, Kinyerezi izibe pengo. Bwawa likijaa, ipumzike.

Fundi Valvu: Ipumzike halafu mkopo wa Wachina alipe nani? Deni halijui kama bomba limejaa au ni tupu. Hapo umeteleza, mkuu. Kwenye haidrojeni niko nawe, ila umeruka taka. Dampo la Pugu Kinyamwezi linatoa methani usiku na mchana, inaishia hewani. Ukiikusanya na kuisafisha ni methani ileile ya visima vya Songosongo, haihitaji valvu mpya. Juzi usiku nimepanda bajaji, dereva katoka kukaa saa mbili foleni ya gesi. Mtungi wake haujali gesi imetoka kisimani au kwenye maganda ya ndizi.

Mwana Mikindani: Mnazungumza kama vile bomba linaanzia Kinyerezi. Mwaka 2013 watu walikufa huku Mtwara kwenye vurugu za kulipinga bomba hilo. Leo, pale njia yake inapokatiza barabara, utaona nguzo za alama, na katikati yake anapita kijana na baiskeli, magunia matatu ya mkaa nyuma. Lengo la serikali ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Huyo kijana wateja wake wako palepale. Kabla ya haidrojeni, gesi ifike jikoni kwa mama yangu.

Mleta mada: Fundi, la taka nakubali, ingawa taka za Dar nzima hazijazi bomba lile. La mkopo umenibana, sina jibu.

Mwana Mikindani, mabomba madogo ya mitaani siku hizi ni ya plastiki, na plastiki inaivumilia haidrojeni kuliko chuma. Kwa hiyo sehemu ya mtandao iliyo rahisi kubadilishiwa kazi baadaye ndiyo ambayo mitaa mingi haijajengewa. Anayejua gharama ya kuunganisha nyumba moja pale Mtwara mjini aiweke hapa.