Bomba lipo mlangoni, maji hakuna. KwaZulu-Natal kila ofisi inasema si kazi yake

Wakuu, salaam. Nina hasira na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mimi ni Mngoni wa Songea, nimeolewa KwaZulu-Natal, jimbo la Afrika Kusini, kijijini huko kaskazini ya mto Thukela. Jina la halmashauri yetu silitaji, kwa sababu mama mkwe bado anapanga foleni ya boza pale pale na sitaki arukwe kwa maneno yangu.

Mama mkwe ana miaka 73. Jumanne saa kumi alfajiri alishapanga madumu yake ya lita 25 kando ya barabara, matano, kila moja na alama ya rangi. Tuliambiwa boza linakuja Jumanne. Lilikuja Alhamisi jioni. Dereva akasimama juu kwa wenye simtanki, akawajazia, na lilipofika kwetu lilikuwa linatoa matone. Dumu moja na nusu, nyumba ya watu saba. Wenye pikapu wakapita kesho yake wakiuza maji, na pesa ya kununulia ni ile pensheni yake ya uzee.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bomba tunalo. Limesimikwa uani na mita yake, kabla ya uchaguzi wa madiwani wa Novemba 2021. Lilitoa maji wiki tatu. Wajukuu wanalitumia kufungia mbuzi.

Nikaenda kwa diwani. Akanijibu kwa upole kabisa: "Makoti (yaani bi harusi), maji siyo yangu, ni ya wilaya." Na kisheria hakudanganya. Vijijini huku serikali za mitaa ziko ngazi mbili. Halmashauri ndogo, yenye diwani unayemjua kwa sura, inashika barabara za ndani na taka. Maji yako kwa halmashauri ya wilaya, ambayo ofisi zake kwetu ni nauli ya taksi mbili kwenda na mbili kurudi. Nikaenda. Wakasema pampu imeungua, iandikwe barua. Nikauliza nani aandike, wakasema diwani.

Basi nikaenda kwa induna, yaani msaidizi wa chifu hapa kijijini, nikidhani tuchange wenyewe tuchimbe kisima. Induna akasema hakichimbwi bila kibali cha baraza la jadi, maana ardhi ni ya Ingonyama Trust. Kwa wasiojua, huo ni mfuko ulioundwa mwaka 1994, unashika karibu hekta milioni 2.8 za jimbo hili, na mdhamini wake ni mfalme wa Wazulu. Baba mkwe alitoa ukukhonza (ada ya heshima ya kupokelewa) kwa inkosi, yaani chifu, akapewa kiwanja, akajenga, akazikwa hapo. Lakini ukitaka kuitoboa ardhi hiyo upate maji, unaanza safari nyingine ya mihuri. Na inkosi mwenyewe anakaa kwenye kikao cha baraza la madiwani, anasikiliza, hapigi kura. Kwa hiyo yule ambaye watu wanamheshimu hana bajeti, mwenye bajeti hatumjui, na tunayemchagua sisi anatuma watu kwa wengine.

Sasa sikilizeni hili. Kanuni za maji za Afrika Kusini za mwaka 2001 zinasema kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku, chanzo kisizidi mita 200 kutoka nyumbani, na asiwepo mtu wa kukosa maji zaidi ya siku 7 kamili kwa mwaka mzima. Siku saba! Sisi siku saba tunazimaliza Januari haijafika katikati. Niliichapisha karatasi hiyo nikaenda nayo wilayani. Yule dada wa mapokezi aliisoma yote, akanirudishia, akasema hata kwao, mji wa Mtubatuba, hawana maji.

Halafu atakuja mtu hapa aseme Wazulu wa vijijini wanasubiri serikali iwafanyie. Usianze. Wanawake wa kwetu wanafukua mchanga wa mto kwa bakuli mpaka maji yachuruzike, wanayachota kwa kikombe, na ng'ombe wamesimama pembeni wakisubiri zamu. Hawa ndio unaowaita wavivu? Nendeni Jozini muone bwawa lile kubwa la mto Phongolo, lililojengwa kwa ajili ya mashamba ya umwagiliaji, halafu muulize vijiji vinavyolitazama kila asubuhi vinachota wapi.

Na hili la mtoni si dogo. Agosti 2000 kipindupindu kilianzia karibu na mji wa Empangeni, jimboni humu, baada ya watu kutakiwa kulipia maji ya bomba, wasio na pesa wakarudi kwenye vijito. Wagonjwa walipita laki moja. Mama mkwe anaukumbuka mwaka ule, ndiyo maana anachemsha kila kikombe, na kuni nazo anazifuata mlimani.

Nimeambiwa mwaka 2022 Tume ya Haki za Binadamu ilikaa ikasikiliza malalamiko ya maji ya jimbo hili. Naomba mdau yeyote aliyeko KwaZulu-Natal ambaye kijiji chake kilipeleka malalamiko huko anieleze walianzaje: barua iliandikwa na nani, ilitakiwa kwa isiZulu au Kiingereza, saini ngapi. Nimeshakusanya saini 64, nyingine ni dole gumba. Daftari liko mezani hapa.