Binti anajua kanuni ya riba ila mafumbo yanamshinda. Nisaidieni

MamaTuli
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yupo darasa la saba, Septemba anafanya mtihani wa taifa. Hesabu za kawaida hana shida nazo. Kanuni ya riba kaiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kitanda: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Muulize riba ya sh. 200,000 kwa 5% kwa mwaka, miaka mitatu, anakujibu 30,000 hata hujameza mate.

Balaa ni mafumbo. Jana nimempa mawili kutoka kwenye karatasi za majaribio:

"Baada ya kupunguzwa kwa 20%, begi linauzwa sh. 24,000. Bei ya awali ilikuwa kiasi gani?" Kajibu 28,800.

"Asha aliweka benki sh. 400,000. Baada ya miezi 9 akapata riba ya sh. 24,000. Kiwango cha riba kwa mwaka ni asilimia ngapi?" Hapa kachora kanuni, kaweka 9 sehemu ya muda, katoka na theluthi mbili ya asilimia. Nikamuuliza, mwanangu, benki gani hiyo? Akaanza kulia.

Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili, nikimwelekeza namchanganya zaidi. Nimfundisheje? Natanguliza shukrani.

Kibandaski
Dada, hilo la begi mbona kapatia? 20% ya 24,000 ni 4,800. Ukijumlisha unapata 28,800. Mwache mtoto.

Mwl_Chaki
Kibandaski, chukua hiyo 28,800 yako uipunguze kwa 20%. Unapata 23,040, siyo 24,000. Na nakuhakikishia 28,800 ipo kwenye machaguo inamsubiri, maana anayetunga swali anajua watoto watakosea wapi. Mtoto akikuta jibu lake limeandikwa pale, anasiliba kwa raha zote na kwenda swali linalofuata.

MamaTuli, pole. Nafundisha hisabati shule ya msingi na kosa hili naliona kila mwaka, hata kwa wanaoongoza darasa. Mtoto anaona alama ya asilimia, anakamata namba iliyo karibu na kuzidisha. Kabla hajashika kalamu, mfundishe swali moja tu: asilimia ya nini? Ile 20% ni ya bei ya zamani, ambayo hatuijui. Kwa hiyo bei ya zamani ndiyo 100%. Imepungua 20, zimebaki 80. Basi 24,000 ndiyo 80%.

Sasa mwambie achore mstari, aandike:

80% → 24,000
10% → 3,000
100% → 30,000

Hakuna kanuni hapo. Kisha arudi kuhakiki: 20% ya 30,000 ni 6,000, toa, inabaki 24,000.

Kibandaski
Mwalimu nimekubali yaishe. Ila sisi wa dukani tunahesabu tofauti. Nikinunua kitu 40,000 nikauza 50,000, mimi nasema faida yangu ni 20% ya mauzo.

Mwl_Chaki
Na dukani kwako hujakosea. Lakini kwenye mtihani faida na hasara huhesabiwa kwa bei ya kununulia, isipokuwa swali liseme vingine. Kwa hiyo 10,000 juu ya 40,000, ni 25%. Umeona? Fedha ni ileile ila 100% imehama. Tatizo la binti ndilo hilohilo.

Mtoto_wa_Temeke
Kwenye la Asha, mimi naanza na miezi. Kiwango ni cha mwaka, muda umetolewa kwa miezi, ni mtego wa kizee kabisa. Miezi 9 imeleta 24,000, basi miezi 3 italeta 8,000 na miezi 12 italeta 32,000. Asilimia moja ya 400,000 ni 4,000. Ndani ya 32,000 kuna 4,000 ngapi? Nane. Jibu 8%.

Akitaka kanuni ruksa, ila muda aandike 9/12, aufupishe uwe 3/4 kwanza. Chumba cha mtihani hakina kikokotoo, kwa hiyo akate sifuri na afupishe *kabla* ya kuzidisha. Mdogo wangu alikuwa anazidisha mpaka mamilioni halafu sifuri moja inapotea njiani.

Mwl_Chaki
Safi sana. MamaTuli, mpe na hili, linaunganisha yote mawili: "Baada ya miaka mitatu kwa riba ya 5% kwa mwaka, Juma alikuta jumla ya sh. 575,000 kwenye akaunti. Aliweka kiasi gani?" Riba ni ya kawaida, si ile ya riba kuzaa riba. Usimwonyeshe njia. Muulize tu, 100% ni ipi, kisha nyamaza.

Bibi_Mkopo
Mnawafundisha riba ya 5% kwa mwaka! Njooni kikoba chetu, 10% kwa mwezi. Chukua laki mbili, miezi mitatu unarudisha laki mbili na sitini, na vikao hukosi.

MamaTuli
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Mrejesho baada ya siku nne.

La 575,000 kalikazia macho muda mrefu nikajua tumekwama. Halafu kachora mstari: miaka mitatu mara 5 ni 15, kwa hiyo 575,000 ni 115%. Kagawanya, 1% ni 5,000, kapata 500,000. Kahakiki mwenyewe bila kuambiwa. Karatasi ya ukutani bado ipo, ila chini yake kaongeza kwa kalamu nyekundu: ASILIMIA YA NINI?

Kwenye miezi bado anateleza, jana kati ya matano kakosa mawili. Tunaendelea.

Bibi_Mkopo, umeniponza. Kasoma uzi huu juu ya bega langu, kaniuliza mkopo wangu wa kikoba ni asilimia ngapi kwa mwezi. Nikamwambia kumi. Kakaa kimya kidogo, kazidisha kwa kumi na mbili, kaniangalia. Nimemwambia akalale.