Simu ya bei ya kutupa: ninunue au niache?

Wapendwa, naomba ushauri. Kuna mtu ananiuzia simu karibu mpya, chini ya nusu ya bei. Haina risiti, na nikimuuliza ilikotoka anacheka tu. Mchuuzi asiye na leseni hanisumbui sana, yule anatafuta riziki. Ninachoogopa ni mali ya wizi. Mwenzangu wa kanisani ananiambia Paulo aliruhusu kula kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25). Lakini si pale alikuwa anazungumzia nyama ya sadaka za sanamu? Mithali 29:24 ndiyo inayonibana: anayeshirikiana na mwizi anaichukia nafsi yake. Je, nikiacha kuuliza kwa makusudi, nina hatia? Na mliokwisha kununua mkagundua baadaye, mlimrudishia nani?