Kijana wangu anataka tuhame Cubase 5 twende Reaper. Waliohama mlifanyaje?

MzeeWaKwaya_Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina studio hapa Kihonda, Morogoro. Kazi inayonilisha ni kwaya: Walutheri, Wakatoliki, Wasabato, wote wanapita kwangu. Wikendi wanakuja vijana wa singeli na bongo fleva. Tangu nianze natumia Cubase 5, programu ya kurekodi na kumiksi, lile toleo la 2009, nakala niliyopewa kwenye flashi na prodyuza aliyenifundisha kazi. Mashine yenyewe ni ya Windows 7 na siku hizi inajizima katikati ya kazi. Juzi imezima kwaya iko ubeti wa tatu, tena kwaya iliyokodi Noah mbili kutoka Mvomero. Nimenunua mashine mpya, na kijana ninayefanya naye kazi anasema tusiingize tena Cubase humo, tuweke Reaper, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Nieleze kinachonifunga. Kwaya inapoimba mimi sitazami kibodi. Mkono wa kulia umekaa upande wa namba: nyota narekodi, sifuri nasimamisha, moja inanirudisha mwanzo wa ubeti. Macho yako kwa mwalimu wa kwaya nyuma ya kioo, maana akikunja uso tu najua besi wamepotea. Soprano wakimaliza nawafungua kwenye VariAudio, sehemu ya Cubase ya kurekebisha noti za sauti, naiona kila noti iliyoshuka, napandisha kidogo ile ya mwisho wa mstari, pale pumzi inapowaishia. Zote sizigusi, kwaya ikinyooshwa kupita kiasi inageuka kinanda. Hayo nayafanya wao wakinywa chai, wakirudi wanasikiliza.

Halafu kuna projekti za zamani. Kwaya hurudi baada ya miaka na kusema tunautaka ule wimbo, tubadilishe sauti ya solo, aliyeimba amehamia Dodoma. Nikihama hizo naziweka wapi?

Sitaki mashindano ya ipi ni kali. Namuuliza aliyehama huku wateja wako mlangoni: ulipitaje?

biti_za_mbagala

Mkuu mimi ni FL Studio na sihami. Nililipa mara moja, kila toleo jipya wananipa bure, na biti za singeli za mapigo 200 kwa dakika kwenda juu nazichora noti kwa noti kwenye piano roll haraka kuliko ninavyoandika meseji. Lakini kwa kwaya yenye sauti nne, kila sauti ikirudiwa mara mbili tatu, sikushauri uje huku. Ukija hata hivyo, usinunue Fruity Edition, hairekodi sauti. Anzia toleo la Producer.

dada_fundi_mitambo

Shikamoo mzee. Mimi niko Mombasa, narekodi taarab na kasida. Nilitoka Cubase nikaenda Reaper, na wateja hawakusimama.

Kwanza niseme hili. Wewe uko Cubase kwa sababu ya ile flashi. Mimi pia aliyenifundisha alikuwa na Cubase, nikaishika. Angekuwa na Logic, programu nyingine ya kurekodi, leo ningekuwa naitetea Logic. Kwa hiyo tunachokipenda hapa, kwa sehemu kubwa, ni yule mtu aliyetukalisha kwenye kiti na kutuonyesha. Mapenzi hayo nayaheshimu. Ila aliyetengeneza programu hayajui, na programu hubadilisha wamiliki. Mwaka 2002 Apple iliinunua Emagic, kampuni iliyotengeneza Logic, na waliokuwa wakifanyia Logic kwenye Windows wakabaki na toleo lisilo na mwendelezo. Novemba 2017 Gibson, kampuni ya magitaa, ilitangaza kusimamisha kazi za Cakewalk, watengenezaji wa programu ya Sonar, walioitegemea Sonar wakashika vichwa, mpaka BandLab ya Singapore ilipoichukua Februari 2018 na kuitoa bure. Mtu aliyekuwa na faili zake za wav, yaani sauti zenyewe, pembeni alilala usingizi. Aliyekuwa na faili za projekti peke yake, zinazofunguka ndani ya programu hiyo tu, hakulala.

Sasa mkono wako. Ndani ya Reaper bonyeza alama ya kuuliza, inafunguka orodha ya Actions. Tafuta amri ya kurekodi, ipe nyota. Ya kusimamisha ipe sifuri. Ya kurudi mwanzo wa sehemu uliyoichagua ipe moja. Fanya hivyo kabla hujarekodi chochote, siku ambayo hakuna mteja. Wengi wanaoikimbia Reaper wiki ya kwanza hawakuwahi kuifungua orodha hiyo. Wanalaumu programu kumbe vidole ndivyo vinavyolalamika.

Kwenye VariAudio sikudanganyi, utapungukiwa. Reaper ina ReaTune, unaweza kuchora noti kwa mkono, lakini ni kazi ya polepole na soprano wako watamaliza chai, watamaliza na maandazi. Kinachofanya kazi hiyo vizuri ni Melodyne, inafunguka humo humo ndani ya Reaper, lakini inanunuliwa peke yake. Hesabu gharama hiyo mapema.

Leseni ya Reaper ni dola 60 kwa studio ndogo kama zetu. Kubwa, zinazoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, zinalipa 225. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, haijafungwa popote. Na faili la kuiingizia ni dogo, MB 15 hivi, unalishusha kwa bando la simu. Toleo lake la biti 64 bado linabeba plagini (vijiprogramu vya efekti) za zamani za biti 32, kwa hiyo ile riverbu yako ya siku nyingi huenda ukahama nayo.

Mashine ya zamani usiitupe. Kujizima mara nyingi ni joto: vumbi kwenye feni, na dawa ya kwenye prosesa imekauka. Fundi wa kompyuta anasafisha anapaka upya. Iache na Cubase yake, isiguswe na intaneti, iwe ya kufungulia kazi za zamani tu.

studio_ndogo_kisumu

Mbona hakuna aliyemtajia Cubase mpya? Projekti za 2009 inazifungua, funguo za kibodi ni zile zile, na tangu Cubase 12 ya 2022 haihitaji tena kile kidude cha USB cha leseni. Ubaya wake ni bei: Pro, lile toleo kubwa, inapita dola 500. Na plagini za biti 32 zilikatwa tangu Cubase 9, kwa hiyo hata huko kuna vitu ataviacha. Mimi ningekuwa na hela hiyo ningebaki nyumbani.

MzeeWaKwaya_Moro

Marahaba binti yangu, na asante. Ndugu wa Kisumu nimekuelewa, ila dola 500 ni maikrofoni mbili nzuri, na kwaya inazihitaji zaidi kuliko ninavyoihitaji Cubase mpya.

Nimeongea na kijana. Vijana wa wikendi tutaanza nao kwenye Reaper, yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti, mimi nikae pembeni nizoee. Kwaya zinabaki Cubase mpaka nimalize hizi za Krismasi. Yeye ndiye atakayeirithi studio hii, na nataka aingie na leseni iliyolipiwa, asiingie na flashi kama mimi.

Nielekeze kitu kimoja: kuzitoa sauti zote kwenye Cubase 5 bila kutoa moja moja. Wimbo mmoja wa kwaya kwangu una traki 30 na ushee.

dada_fundi_mitambo

Iko humo humo, mzee, toleo lako ndilo lililoianzisha. Weka alama ya kushoto mwanzo kabisa, bar ya kwanza, na ya kulia mbali kidogo baada ya mwangwi wa mwisho kuisha. Nenda File, Export, Audio Mixdown, kisha washa Channel Batch Export na uchague chaneli zote unazozitaka. Itatoa wav moja kwa kila chaneli, zote zikianzia sehemu moja, ukizimwaga Reaper zinakaa sawa zenyewe.

Toa mara mbili. Mara ya kwanza na efekti zako, ndiyo sauti ya wimbo ulivyotoka. Mara ya pili zima insati zote, yaani efekti zilizowekwa kwenye kila chaneli, upate sauti kavu, maana yule wa Dodoma akibadilishwa utataka kumiksi upya. Marekebisho ya VariAudio yanatoka nayo, usihofu. Acha sampuli (sample rate) na biti (bit depth) vilevile ulivyorekodi, usibadilishe. Andika tempo kwenye jina la folda, kama ni 92 andika 92. Na nakala ya pili ikae kwenye diski ya nje ambayo hailali studio.

Anza na za kwaya zinazorudi mara kwa mara. Ile ya Mvomero itoe ya kwanza, kabla mashine haijazima tena.