Saanane kwa miguu na bi mkubwa, njia zikoje?

Mama Wawili Buhongwa
Habari za humu jamani. Bi mkubwa wangu anakuja kutoka Kahama wiki ijayo, ana miaka 63, kutembea anatembea vizuri tu ila goti la kulia linamsumbua akishuka mteremko. Kila akipiga simu ananiuliza hayo mawe ya Mwanza yaliyobebana mbona hayaanguki, nakosa jibu. Nataka nimpeleke Saanane, kile kisiwa cha hifadhi hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, na wanangu wawili, wa miaka 6 na 9. Mimi mwenyewe kisiwa nakionaga tu toka Capri Point, sijawahi kuvuka. Ataweza yale mawe? Na twende saa ngapi? Kuna mtu ameniambia ni kadogo hakana kitu, bora nidunduize twende Serengeti.

Kijana wa Igoma
Dada usimsikilize huyo. Ni kweli ndo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2 na kidogo hapo na maji yamehesabiwa, lakini Serengeti utamzungusha mama kwenye gari kutwa nzima, Saanane anakanyaga mwenyewe na kitu kikimvutia anasimama. Mimi na mdogo wangu tulikaa karibu nusu saa tunaangalia mijusi wawili madume, kichwa na kifua vyekundu vya kuelekea pinki, kuanzia kiunoni bluu kama wamepakwa rangi jana. Mmoja anapiga pushapu juu ya jiwe kumwonyesha mwenzie hapa kwangu, yule naye anapiga zake, wanasogeleana, mpaka mmoja akakubali akashuka pembeni. Watoto wako watapenda hiyo kuliko simba wa mbali.

Mzee wa Kirumba
Mwangaluka binti yangu. Kisiwa hicho nakifahamu tangu kilipokuwa bustani ya wanyama, ilianzishwa 1964 na ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini, hifadhi ya taifa imekuja kuwa 2013. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, analima na kuvua.
Sasa swali la mama yako, maana ni swali zuri sana. Mwambie yale mawe hakuna aliyeyabebesha. Lilikuwa jiwe moja kubwa chini ya ardhi, likapata nyufa za kusimama na za kulala, maji yakapenya humo yakawa yanalilainisha kidogo kidogo kwa miaka mingi mno, na kona ndiyo huliwa upesi kwa sababu maji yanaipata pande zote, ndiyo maana kilichobaki ni duara. Baadaye mvua ikaondoa udongo, mawe yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa. Hayakupandishwa popote, basi yaanguke kutoka wapi.
Goti lisimtie hofu. Mwambieni askari wa hifadhi mapema kwamba mnaye mama mwenye goti, atawapeleka taratibu. Kupanda mpaka juu asilazimishe, akae kivulini chini na mmoja wenu, nyie wengine mpande.

Neema wa Pasiansi
Naongezea ya watoto. Vaeni raba zenye meno, kandambili na sandozi hapana, mwanangu aliteleza kwenye jiwe lililokuwa na umande akachunika mkono wote na kosa lilikuwa langu mimi niliyemvalisha sandozi. Maji ya ufukweni wasichezee hata wakikulilia, ziwa lina kichocho na mamba wapo. Chakula msishike mkononi tumbili wanakuja kunyang'anya na msiwape.
Muende asubuhi kabisa kabla jua halijachoma, ndo pimbi wanatoka kuota jua juu ya mawe, wamebanana kama watoto kitanda kimoja. Mkiona michirizi myeupe kwenye jiwe kama mtu kamwaga chokaa ule ni mkojo wao, wanakojoa sehemu ileile miaka nenda rudi unakauka unakuwa hivyo. Na umwambie huyo wa miaka 9 kwamba ndugu wa pimbi ni tembo, mwanangu alibisha mpaka tunafika nyumbani.

Mama Wawili Buhongwa
Shikamoo mzee. Nimemsomea bi mkubwa hayo ya mawe kwenye simu sasa hivi, amenyamaza kidogo, akasema kumbe ni kama muhogo uliolowekwa, unaanza kuoza pembeni katikati panabaki pagumu. Asanteni wote. Swali la mwisho, anaogopa maji, boti inachukua muda gani?

Kijana wa Igoma
Dakika kama 10 tu dada, ukiwa kwenye boti bado unaliona jiji. Na mvae maboya wote. Ila muwahi kurudi, mchana ukipita upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yanakuwa makubwa, asubuhi maji yanakuwa yametulia. Na malipo ya kiingilio weka hela kwenye simu kabisa, keshi hawapokei.

Mzee wa Kirumba
Marahaba. Huo mfano wa muhogo nimeupenda, umepita maelezo yangu yote. Kwenye boti akae katikati, aangalie kisiwa asiangalie maji.